Muulize Somo: Nikikaa tu juu ya mbuzi kukuna nazi, paka wote wako miguuni

BARUA

Assalaam alaykum Somo, nashika miguu. Mie msomaji wako wa Wete, Pemba, jina langu nifichie, niite Mkamwana tu yatosha.

Somo mie nimeolewa na naishi nyumba moja na mavyaa, mume wangu, wifi yangu anaesoma na mtoto wetu wa miaka mitatu. Ukweli usemwe mavyaa wangu ni mtu mzuri sana, sina kesi nae hata kidogo, kesi yangu iko kwa paka wake. Wako wawili, dume moja kubwa linaitwa Bushuti na jike Kidosho ambae saa hizi ana watoto watatu kwenye kapu chini ya kitanda cha mavyaa. Halafu kuna shume mmoja wa mtaani hana mwenyewe wala hana jina ila saa ya kupika nae yumo.

Mchana kutwa paka hawa huwaoni, wamelala juu ya ukuta wa uwani, ukiwaita hata sikio hawageuzi. Lakini nikikaa tu juu ya mbuzi nikaanza kukuna, krr krr mbili tatu, hao washafika. Kuku wanakuja mlango wa uwani wanataka chicha, hao nawaelewa, paka wanakuja mlango wa ndani wanataka sijui nini maana chicha hawali, wanajua tu nazi ikikunwa basi samaki yuko nyuma. Kisha ni kelele sasa, nyau nyau nyau, wanajipitisha miguuni, nikibeba sufuria nawakanyaga, nikiinama kupepea seredani Bushuti kashapanda kibao cha samaki.

Mavyaa yeye anakaa kwenye kibago anapara samaki, kila akitoa utumbo anawarushia huku anaongea nao, haya baba kula, haya mama nae ale ana watoto huyu. Nikisema mama hawa tunawazoesha vibaya ananambia mwanangu usimnyime mwenye macho. Mume wangu nae anajifanya hataki paka mkekani, lakini namuona anavyoteremsha mwiba wenye nyama pembeni ya mkeka halafu anaangalia juu kama hayuko.

Mambo mawili yamenifanya niandike. Juzi juzi tulikuwa na wageni kutoka Unguja, nikakoleza vipande vya nguru kwa ndimu, chumvi na thomu, nikafunika kawa, nikaenda kusali adhuhuri, narudi kawa liko sakafuni na Bushuti anajilamba masharubu, vipande viwili vikubwa havipo. Nikawapikia wageni kidogo kidogo huku uso umenishuka. La pili ndo limenitia hofu hasa, nakaanga vibua, mafuta yamechemka, mtoto yuko karibu anacheza, Kidosho akarukia sahani ya samaki akaligonga karai, mafuta yakamwagika. Alhamdulillah hayakumpata mtoto. Nikamtia Kidosho upawa wa mgongo, mavyaa akaninunia mpaka usiku.

Sasa kila mtu na ushauri wake. Shoga yangu mmoja anasema niwapake pilipili puani watakoma. Mwengine anasema niwatie kwenye polo mume wangu akawaache diko la samaki wakaishi huko na mavichwa yao. Mwengine niwanyime chakula siku tatu mpaka wakumbuke kuwinda panya. Wifi yangu anasema chombo alichotia mdomo paka ni najisi lazima kioshwe mara saba. Na jirani kaja kunimaliza kabisa, maana nina mimba ya miezi minne, ananambia paka ndani ya nyumba wanatoa mimba.

Ramadhani nayo hiyo inakuja, jioni nzima tutakuwa jikoni. Somo nifanye nini paka hawa watoke jikoni na mavyaa asinione nimemchukia?

Mkamwana, Wete

JAWABU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba, na hongera kwa mimba Mungu akujaalie ujifungue salama.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka hapo kwa mumeo na mwiba wake, nikairudia tena natafuta kitu kimoja sikukiona. Umenitajia nguru, umenitajia vibua, umenitajia hata kuku wanakula nini, lakini hukunambia paka hawa wanakula nini na saa ngapi. Hukusahau, hakipo cha kusema. Chakula chao ni hicho hicho wanachookota miguuni mwenu, saa yao ya kula ni saa yako ya kupika, kwa hivyo wakisikia mbuzi inakuna wao wameitwa kula na wamekuja. Wewe unaona wanaomba, wao wanaona wamewahi.

Sasa paka ana tabia moja watu hawaijui. Mkimpa kila siku anazoea, msipompa kabisa baada ya muda anaacha, lakini mkimpa leo, kesho mkamfukuza, kesho kutwa mavyaa akamrushia utumbo, usiku mumeo akamteremshia mwiba, hapo ndo mnamfanya king'ang'anizi asiyekata tamaa. Mvuvi wa mshipi hatupi ndoana mara moja akarudi pwani, anajua samaki atakula tu saa yoyote, basi na Bushuti anavua hivyo hivyo jikoni kwenu. Na kelele zake zina sababu, siku alipolia kidogo hakupata, akalia sana mtu akachoka akampa ili anyamaze, akajifunza kuwa kulia sana kunalipa.

Nianze na Kidosho kwanza maana huyo kwangu hayumo kwenye kesi. Paka anaenyonyesha watoto watatu anahitaji chakula mara mbili mpaka mara tatu ya kile anachokula siku za kawaida, na wewe unampa utumbo wa kurushiwa anaogombea na dume kubwa na shume juu yake. Akarukia sahani ya vibua, angefanya nini? Ule upawa haukuwa na haki mwanangu, nakwambia kwa mapenzi. Huyu apewe chakula chake peke yake, karibu na kapu lake, mlango umefungwa Bushuti asiingie, mara tatu au nne kwa siku na maji safi pembeni. Utaona atakavyotulia kabla hata hujafanya kitu chengine.

Chakula gani? Najua nyumba nyingi za kwetu paka anapewa wali uliobaki na mchuzi juu, watu wanaona keshashiba tumbo limejaa, baada ya saa moja yuko mlangoni analia tena. Anayo haki ya kulia. Paka ni mla nyama kwa umbile lake, si kama mbwa anaeweza kuishi kwa mchanganyiko, yeye kuna vitu mwili wake hauwezi kuvitengeneza lazima avipate kwenye nyama au samaki, kimojawapo kinaitwa taurini, akikosa muda mrefu macho yanapofuka na moyo unadhoofika. Wali unamjazia tumbo tu. (Hata utamu wa sukari paka hausikii, ulimi wake hauna sehemu ya kuuonja, kwa hivyo anaekwambia paka wake anapenda halua basi anapenda ile samli yake.)

Kwa hiyo vile vichwa na mikia mnayowarushia vibichi, vitie kwenye sufuria moja ya zamani, vichemshe bila chumvi wala kiungo, vikipoa toa miba mikubwa, changanya na wali kidogo sana wa kushikanisha, na ile supu yake uwamwagie humo humo usiimwage maana taurini nyingi hutokea kwenye maji ya kuchemshia. Kuchemsha kuna faida nyengine, baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, akila wabichi kila siku anaweza kuishia kuyumba, kuinama shingo na kupata degedege, na kile kitu moto unakiua. Siku ya kuku wape moyo na utumbo uliosafishwa ukapikwa, maini kidogo mara moja au mbili kwa wiki yatosha yakizidi yanamdhuru. Dagaa wakavu wanafaa pia ila wengi wa kwetu huchemshwa na maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, warowanishe ubadilishe maji mara mbili tatu ndo uwape. Ng'onda na papa mkavu usiwape kabisa ile chumvi si ya paka. Maziwa nayo, watu wanaona ndo chakula cha paka, paka wengi wakubwa yanawaharisha, wape maji.

Na hapa nisimame kidogo kwenye thomu. Kitunguu maji na kitunguu thomu, kibichi, kilichopikwa, au cha unga, vyote ni sumu kwa paka, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hivyo huo mchuzi unaomwagiwa juu ya wali ndo wa kuacha kwanza kabla ya yote. Bushuti aliekula nguru wa thomu sina shaka yuko hai maana ungeniambia, lakini ikitokea tena umuangalie siku chache, akilegea, ufizi ukapauka, mkojo ukawa wa rangi nzito, mpelekeni kwa daktari wa mifugo msingoje. Na msije mkampa Panadol kwa huruma, hata kipande, Panadol inamuua paka.

Sasa saa. Hii ndo dawa yenyewe na ni rahisi kuliko hayo ya polo na pilipili. Wape kabla hujakaa juu ya mbuzi. Kabla, sio katikati wala baada. Asubuhi mara moja, na mchana kabla ya kuanza kupika mara nyengine, pahala pamoja pale pale kila siku, mbali na jiko, tuseme pembe ya uwani upande wa pili wa mlango, kila mmoja na kifuu chake, vifuu viachane hatua kadhaa wasigombane. Waite kwa sauti moja, gonga kifuu kwa kijiko, waizoee hiyo. Baada ya muda ukikuna nazi watakuwa wamelala wameshiba na ukigonga kifuu ndo watakuja mbio. Umebadilisha mlio tu mwanangu, masikio ni yale yale.

Halafu jikoni kisianguke kitu. Hata utumbo, hata gamba, hata tone la tui. Mlango wa jikoni ukiwa unafungika ufungwe wakati wa kupika, kama haufungiki weka kipande cha ubao au wavu, si lazima uzuie kabisa, unataka tu wapate tabu ya kuingia na wakiingia wasikute kitu. Wakilia usiwatizame usiwasemeze, hata kumkemea paka yeye anahesabu umemsikia. Nakutayarisha mapema, siku za mwanzo watalia ZAIDI ya sasa, watapanda mabegani, Bushuti atakuangalia kama umemdhulumu urithi, na hapo ndo nyumba nyingi zinaposhindwa, mtu anasema dawa haifanyi kazi anampa kipande, basi keshamfundisha kuwa alie mpaka pale. Kazeni hapo tu.

Najua sasa unasema Somo haya yote mie nitafanya, mavyaa je? Na mimi ndo hapo nilipokuwa naelekea maana paka mwanangu si tatizo lako kubwa, paka atafuata chakula kilipo. Anaetakiwa kukubali ni bibi mwenye kibago.

Usimwambie mama usiwape. Ushamwambia kwa namna zote ukajibiwa usimnyime mwenye macho, na ukweli neno lake ni zuri sikia wewe, mtu mzima huyu amezoea kulisha kiumbe na anapata raha yake, ukimkataza unamnyang'anya kitu. Wewe mwongezee. Mwendee siku mmekaa vizuri, baada ya isha hivi, umwambie mama mie na mimba hii kuhangaika na paka miguuni kunanichosha, nakuomba kulisha paka iwe kazi yako wewe maana wanakusikiliza wewe, mie nitakuchemshia vichwa vyao kila siku nikuwekee tayari, wewe uwaite uwani uwape. Na umwambie la Kidosho, kuwa anaenyonyesha anahitaji kula mara mbili tatu ya wenzake, nae mwenyewe keshasema ana watoto huyu, kwa hiyo mko pamoja tangu mwanzo ila hamjajijua. Hapo hatawanyima wenye macho, atawapa zaidi ya mwanzo, na ule utumbo anaoutoa wakati anapara ataweka kwenye kibakuli chenye kifuniko pembeni yake uchemshwe kesho. Ikiwezekana kibago chenyewe kihamie uwani, samaki waparwe huko, jikoni waingie wamesafishwa.

Atasahau, atarusha kidogo siku mbili tatu. Nyamaza. Usimtizame hata, wewe endelea. Na mtoto wa miaka mitatu mpe kazi ya kugonga kifuu na kijiko pamoja na bibi yake, hiyo ataipenda kuliko kurusha chakula mkekani.

Mumeo huyo sina heshima nae kwenye hili, yeye mwambie wazi. Miba ya samaki aliepikwa inakwama kooni kwa paka na mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha unachoma matumbo, kwa hiyo anachoteremsha pale kwa siri si sadaka. Akitaka kuwapa avichambue nyama aiweke kwenye kifuu cha kesho.

Mafuta ya moto sasa, hili usilingoje mpaka paka wazoee, lianze leo. Seredani iliyo sakafuni na karai la mafuta juu yake na mtoto anacheza pembeni, hata bila paka hiyo ni hatari mwanangu, paka ni sababu moja tu kati ya nyingi. Kama kuna baraza ya saruji au meza madhubuti panda juu nayo, ikiwa haiwezekani basi siku ya kukaanga mtoto awe na wifi chumbani na paka wafungiwe, sio wafukuzwe, WAFUNGIWE na chakula chao, mpaka karai lishuke. Samaki wabichi wasikae karibu na karai, maana ndicho Kidosho alichokirukia. Na asikwambie mtu umrushie paka maji ukiwa unakaanga, tone moja la maji kwenye mafuta yale utajuta.

Kawa nalo, kawa ni la nzi. Dume la paka analipindua kwa kichwa. Wazee wetu walikuwa na susu, chungu kinaning'inia darini paka anaangalia tu kwa macho, siku hizi watu wameziacha wakasema za kizamani halafu wanaandika barua kwa Somo. Ukitaka susu hata leo kamba ya usumba ipo, la hutaki basi nunua kabati lenye wavu na komeo au utie sahani ndani ya sufuria yenye kifuniko kizito na mchi juu.

Ushauri wa mashoga zako nitaupita haraka. Pilipili puani ni mateso na haifundishi, paka hajui kuwa pilipili ile ni kwa sababu ya nguru wa juzi, anachojua ni kuwa wewe ukimkaribia anaumia, basi ataacha kuomba mbele yako ataanza kuiba nyuma yako, na mwizi ni mbaya kuliko muombaji maana muombaji unamsikia. Upawa ndo hivyo hivyo. Kumnyima siku tatu hasa usijaribu, paka asipokula siku mbili tatu ini linaanza kuharibika, zaidi akiwa mnene kama huyo Bushuti ninavyomuona kwenye maelezo yako, na Kidosho maziwa yatakata watoto wafe. Panya nao hawaui kwa njaa, paka anaelishwa vizuri anawinda vile vile maana kuwinda ni tabia yake haingoji tumbo. Polo na diko, kwanza anaweza akarudi, pili akibaki kule atapigwa na madume ya pale, tatu nyumba yenye utumbo wa kurushiwa haikai bila paka, ukiwatoa hawa shume ataleta wenzake na hao hutawajua hata majina.

Ya dini muulize shekhe wako mie si mwanachuoni, ila hili la kuosha mara saba wifi yako kachanganya, hiyo imekuja kwa mbwa. Kwa paka kuna hadithi ya Abu Qatada, mkwewe alimwekea maji ya kutawadhia, paka akaja kunywa, Abu Qatada akamuinamishia chombo mpaka akanywa. Yule mkwe akashangaa, akamwambia Mtume (s.a.w.) amesema huyu si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani. Na ile ya mwanamke alieingia motoni kwa paka aliemfunga, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, unaijua, wasomee mashoga zako wa polo na wa njaa. Hii haina maana chakula alichokitia mdomo mle hivyo hivyo, si najisi lakini mdomo ule umetoka kula panya, kikate pale alipogusa au kipikwe vizuri kama kilikuwa kibichi.

Mimba. Jirani yako kasikia jambo la kweli akalipindua. Kuna mdudu mdogo asiyeonekana anaitwa toksoplazma, anaishi kwa paka na anatoka kwenye mavi yake, mama mjamzito akimpata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni au mimba ikatoka. Lakini hampati kwa paka kukaa jikoni wala kulia miguuni wala kujipitisha kwenye kanga. Anampata kwa mkono uliogusa mavi ya paka au udongo wenye mavi ukaenda mdomoni, kwa mboga zisizooshwa vizuri, na kwa nyama isiyoiva, na hiyo nyama watu wanaisahau wanamlaumu paka. Tena mavi yenyewe yanahitaji siku moja au zaidi ndo yawe na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo yakizolewa kila siku hatari inapungua sana. Basi wewe usiyaguse, wifi ayazoe asubuhi yeye na najua atanuna, ukichimba chimba bustani vaa glavu, osha mikono kwa sabuni, mchicha uoshe, mishikaki iive. Na kliniki waambie nyumbani kuna paka, watakushauri. Unaona basi na hapa umepata sababu ya haki kabisa ya kumkabidhi mavyaa paka wake, hukumdanganya hata neno.

Shume hana mwenyewe lakini ana njaa, akifika kwenye vifuu mavyaa atampa najua, hata ukimkataza. Ila mkimlisha mkae mkijua madume na majike bila kufungwa kizazi nyumba itajaa, jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba ya paka ni wiki tisa, hesabu mwenyewe. Watoto wa Kidosho wakishaacha kunyonya nendeni ofisi ya mifugo muulize habari ya kufunga kizazi, chanjo na dawa ya minyoo. Minyoo nayo inampa paka njaa isiyoisha, ukiona tumbo kubwa mgongo umekonda, au vitu kama punje za mchele chini ya mkia, ndo hiyo, na usimpe dawa ya minyoo ya watu kwa kukisia. Na yeyote akimng'ata au kumparura mtoto, zaidi huyo shume, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima kisha hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa hata paka anacho.

Ramadhani usiingoje. Anza wiki hii saa zikiwa za kawaida, wakishazoea kifuu ndo usogeze, mchana wenu mtakuwa hampiki basi chakula chao cha pili kiende alasiri, kabla ya nazi ya kwanza ya futari kukunwa, na kidogo usiku kabla ya daku maana nao watakuwa macho pamoja nanyi. Vichwa vya siku hiyo vichemshe tangu usiku ukishamaliza vyombo, jioni ya mfungo na mimba hiyo hutakuwa na nguvu ya kuanza sufuria ya paka.

Somo